Ekutere zinauzwa ku soko, sikio haliuzwi

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na vijana mnaowangojea ku nyumba, leo sitaandika juu ya bei ya shaba wala juu ya prime. Nitaandika juu ya kitu kidogo chenye kinaingia mu mfuko wa shati: ekutere, zile za kutia ndani ya sikio, zenye vijana wetu wanavaa wakienda ku salle kubeba vyuma. Najua kuna wenye watasema: "Huyu mzee amekosa habari." Ngojeni kwanza, mtaona kama ni habari ao hapana.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 24. Anatumika chini ya udongo, huku upande wa Kolwezi, pamoja na wale wenye wanatoboa mwamba. Wiki moja anaingia asubuhi, wiki ingine usiku. Akitoka ku kazi analala kidogo, kisha anaenda ku salle ya quartier. Simlaumu. Kijana mwenye anabeba vyuma hana wakati wa kubeba chupa. Mwezi uliopita alikuja kunisalimia, na kisha chai akanifungulia roho:

— Mujomba, niko na dola kumi na tano. Unisaidie na makumi mbili na tano ingine, ninunue ekutere za mupya.

— Zile uko nazo ziko na nini?

— Hazitoshi tena, mujomba. Hata niweke sauti yote, ku salle sisikie muzuri. Kuko zingine ziko na besi ya nguvu, barafiki bote banazo.

Neno "hazitoshi tena" njo lilinishtua. Juu mimi pia nilisemaka vile zamani, lakini mimi ilikuwa radio. Nilitumika miaka 22 karibu na concasseur, ile mashini ya kuvunja mawe. Mara ya kwanza mke wangu aliniambia: "Papa, punguza radio, majirani wanalala." Nikamjibu kama batri zimechoka. Nikanunua batri za mupya. Nikanunua hata radio ingine. Kumbe radio haikuwa na kosa. Leo sikio langu la kushoto linaimba usiku kucha kama kompresa yenye mtu alisahau kuzima, na mjukuu wangu akisema nami upande ule, simjibu. Mtoto anafikiri nkambo amekasirika.

Kwa hiyo sikumpa kijana feza siku ile. Nilimwambia: "Rudi siku ya yenga, tutaenda ku soko wote wawili." Haya yanayofuata ni yale nilimweleza njiani, na ninayasema kwenu wote juu naamini ni ya kweli: kwa mtu wa bureau, kuchagua ekutere ni mambo ya muziki na ya bei. Kwa mchimbaji, ni mambo ya sikio kwanza. Mchimbaji asitafute ekutere zenye nguvu kuliko zote. Atafute zile zenye zinafunga sikio lake vizuri, apate kusikia muziki wake kwa sauti ndogo.

Feza ya masikio

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana, karibu 15 000 kwa kila sikio wakati mtu anazaliwa. Sauti ikiingia, vinyweleo vinatikisika, na mtikisiko ule unatumwa ku ubongo. Sauti ikiwa kubwa na ikikaa sana, vinachoka na kulala kama majani yenye watu walikanyaga. Mkipumzika, majani mengine yanasimama tena. Ndiyo maana kisha kazi masikio yanaziba, na kesho yake yanafunguka. Lakini kila mara kuna mengine hayasimame tena, yanakufa. Na kwa mwanadamu chembe zile haziote upya. Hakuna dawa, hakuna operesheni ya kuzirudisha.

Sauti inapimwa kwa desibeli. Hesabu yake inadanganya watu, juu haiendi kama hesabu ya kilo. Ukiongeza desibeli 3 tu, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, na wakati wenye sikio linaweza kuvumilia unakatika nusu. OMS inasema hivi juu ya muziki wa ekutere: desibeli 80 kwa saa 40 mu wiki, usipite pale. Sasa fanyeni hesabu pamoja na mimi. Kwa 83, saa 20. Kwa 86, saa 10. Kwa 89, saa 5. Kwa 92, saa 2 na nusu. Kwa 95, saa 1 na robo, kwa wiki nzima. Kijana mwenye anaenda ku salle mara tatu mu wiki, saa moja kila mara, na muziki wa desibeli 92, amekwisha kupita mpaka. Na hata hatujahesabu kazi.

Tuhesabu kazi. Mu inchi mingi, mpaka wa makelele ya kazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Mashini ya kutoboa mwamba inaweza kupita desibeli 110. Kwa hesabu ileile ya kukata nusu kila desibeli 3, mtu asiyefunga masikio mbele ya 110 anamaliza sehemu yake ya siku nzima kwa dakika moja na nusu. Siyo saa, ni dakika. Njo maana wanatupa bouchons na casque.

Mnaona sasa shida iko wapi? Masikio ni kama bahasha ya mshahara. Mtu wa bureau anaingia ku salle na bahasha yake karibu nzima. Mchimbaji anaingia na bahasha yenye kazi imekwisha kula. Kile kidogo chenye kilibaki, hapana kukitupa kwa besi.

Tena kuna mtego. Kisha poste yenye makelele, sikio limechoka na linasikia kidogo. Kijana anavaa ekutere, anaona muziki ni mudogo, anapandisha. Sikio lake linadai sauti kubwa juu limechoka, na ile sauti kubwa njo inazidi kulichosha. Mtoto wa dada yangu alifikiri ekutere zake zimepoteza nguvu. Nilimwambia azijaribu siku ya pumziko, kisha usingizi mzuri, mu chumba chenye kimya. Alirudi akicheka kidogo: "Mujomba, zinatosha." Hapo hakucheka tena sana, juu alielewa.

Kitu cha kwanza: zifunge vizuri

Sasa tuje ku soko. Ekutere nzuri zinakuja na vikofia vya silikoni vya ukubwa mbalimbali, mara mingi vitatu: kidogo, cha katikati, kikubwa. Watu wengi wanaacha vile vya katikati vyenye vimewekwa tayari, na vingine vinapotea mu kartoni. Hilo ni kosa la kwanza. Sikio la kushoto na la kuume la mtu mmoja vinaweza kuwa tofauti. Jaribuni vyote, sikio kwa sikio.

Namna ya kujua kama zimefunga ni rahisi. Vaeni bila muziki, kisha semeni kwa sauti ya kawaida. Mkisikia sauti yenu imekuwa nzito ndani ya kichwa, zimefunga. Tafuneni kama mnakula mukate, tikiseni kichwa, inameni kama mnaokota chuma chini. Zikilegea, badilisheni kikofia. Na kuzivaa, fanyeni kama mlivyofundishwa ku kazi na bouchons: mkono mmoja upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, mkono mwingine uingize polepole.

Kwa nini ninashikilia sana jambo hili? Kwa sababu mbili. Ya kwanza: besi yenye vijana wanatafuta inatoroka pale pasipofungwa. Ekutere za bei ndogo zenye zimefunga vizuri zina besi kuliko za bei kubwa zenye zimelegea. Ya pili: salle zetu zina kelele. Mwenye salle anaweka bafle kubwa, vyuma vinaanguka, watu wanapiga makelele. Kama ekutere zinaacha kelele ile iingie, mnapandisha muziki ili uishinde. Zikifunga, kelele inabaki inje, na muziki mudogo unatosha.

Wengine watawaonyesha ekutere zenye zinaua kelele kwa mashini ndani yake. Siyo uongo, ziko. Zinasikiliza kelele ya inje na kutoa sauti ya kuipinga. Lakini zinafanya kazi hasa kwa kelele nzito yenye haibadilike, kama injini ya bisi. Chuma chenye kinaanguka ghafula, ao mtu anayeita, zinasaidia kidogo tu. Kama feza haitoshi, hapana kusikitika: kikofia kizuri cha silikoni ao cha musi laini kinafanya sehemu kubwa ya kazi ile.

Kitu cha pili: jasho na vumbi

Ku kartoni tafuteni alama ya herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Mkiona IPX4, ile 4 inasema maji yenye yanarushwa kutoka kila upande hayaziharibu. Kwa jasho la salle hiyo inatosha. IPX7 inasema zinaweza kuingia mu maji ya metre moja kwa dakika 30. Hakuna mwenye anabeba vyuma mu mtoni, basi hapana kulipa zaidi juu ya ile. Lakini ile X muiangalie vizuri: maana yake ni kama vumbi halikupimwa. Na sisi, mwezi wa saba na wa nane, tunakula vumbi ya makamio kutoka asubuhi mpaka jioni. Mkipata IP54 ao IP55, chukueni ile: 5 ya kwanza inasema vumbi yenye itaingia haitaziharibu. Tena jueni kama alama ile ni ya ekutere zenyewe. Mara mingi kisanduku cha kuzichaji hakimo.

Alama ku kartoni siyo kiapo. Ku soko kuna kartoni zenye zimeandikwa kila kitu. Kwa hiyo ziangalieni pia kwa macho: wavu wa chuma kwenye mdomo wa ekutere uwe umeshikamana, maungio yasiwe na nafasi ya kuingiza ukucha. Na kisha mazoezi, hapana kuzirudisha mu kisanduku na jasho. Jasho lina chumvi, na chumvi inakula vile vichuma vidogo vya kuchajia. Mkaushe na kitambaa kwanza. Ekutere mingi zenye watu wanasema "sikio moja limekufa" zilikufa hivyo.

Kitu cha tatu: zikae

Mwenye anakimbia ao analala chini ya chuma hahitaji kitu chenye kinaanguka. Zenye ndoana ya kupita nyuma ya sikio zinakaa vizuri kuliko zote. Hazina uzuri sana mu picha, lakini ni za kazi. Zile za waya nazo hapana kuzizarau: hazina batri, bei yao ni ndogo, hazipotee sikio moja. Shida yake ni waya kunaswa ku chuma; mupitishe ndani ya shati, na mtazame kama simu yenu iko na tundu yake, juu simu mingi za sasa hazina tena.

Hapa nina neno moja kwa usalama. Mtu anayebeba uzito mkubwa awe na mwenzake wa kumsimamia, na aweze kumsikia. Wakati wa chuma kizito, toeni ekutere moja. Na mkitoka ku salle, njiani mtoe zote mbili. Taxi-moto haingoje wimbo uishe.

Kitu cha ine: batri, na kobalti yetu

Ndani ya kila ekutere isiyo na waya kuna batri ndogo kama punje ya mahindi. Mara mingi ni batri ya litiamu yenye ndani yake kuna kobalti. Batri za namna ile zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na leo Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yenye inachimbwa mu dunia nzima. Kwa hiyo kijana wa Kolwezi anaitoa ardhini, inaenda mbali, na anairudisha ku nyumba kwa dola, gramu chache mu kisanduku cha plastiki. Hayo tutayazungumza siku ingine, juu ni maneno marefu. Leo nataka mjue hili: batri ile inachoka, na mara mingi haibadilishwi. Kisha miaka miwili ao mitatu ya kutumika kila siku, zenye zilikuwa zinakaa saa 5 zinakaa saa 2. Kwa hiyo, ekutere za dola 100 na za dola 20 zitakufa karibu wakati mmoja. Mwenye mshahara wa mchimbaji asitie feza ya minerval mu kitu cha namna ile.

Hapana pia kudanganywa na saa. Muuzaji atasema: "Hii, saa makumi tatu!" Muulizeni kama ni saa za ekutere peke yake ao pamoja na kisanduku. Ekutere zenyewe zikikaa saa 4 ao 5, zinatosha kwa salle, na kisanduku kitawasaidia siku courant imekatika.

Kitu cha tano: mpaka wa sauti

Hapa njo moyo wa jambo. Simu mingi zina mahali pa kuweka mpaka wa sauti, mu réglages, upande wa son. Wekeni mpaka ule leo, wakati kichwa kimetulia, siyo ku salle wakati damu imepanda. Kwa kuanza, hapana kupita asilimia 60. Ulaya waliweka sheria za vyombo hivi: simu inapaswa kumwonya mtu ikifika desibeli 85, na isipite 100. Vile vya kuiga vyenye vinajaa ku soko, nani aliviangalia? Muuzaji akisema "hii inapiga kuliko zote" kama sifa, kwangu ni sababu ya kuirudisha ku meza yake.

Kama simu haina mpaka, kuna mizani ya zamani. Mtu akisimama karibu, urefu wa mkono, na akisema kwa sauti ya kawaida, na hamsikie hata kidogo kama anasema, sauti imepita. Na kisha mazoezi, masikio yakilia ao yakiziba, ile ni onyo. Likiwapata mara nyingi, nendeni ku munganga, hapana kungoja kama mimi.

Usafi nao: vikofia vioshwe na maji na sabuni kidogo, vikauke. Hapana kuazimana. Najua sisi ni watu wa kushirikiana, lakini sikio lenye usaha linapeleka ugonjwa kwa mwenzake. Mwenye sikio linatoka maji asivae kabisa mpaka lipone.

Ekutere siyo bouchons

Sasa jambo lenye linaniumiza kuliko yote. Kuna vijana wanaofikiri: "Mi naziba masikio na ekutere, naweka muziki, makelele ya mashini sisikie. Basi nimejikinga." Wandugu, hapana. Kama mashini ina desibeli 110 na weye unasikia muziki juu yake, maana yake muziki wako umeongeza makelele juu ya makelele. Ekutere hazikupimwa kuwa kinga ya kazi, bouchons zilipimwa. Tena mu shimo sikio ni jicho la pili: mwamba unalia mbele ya kuanguka, kamio inapiga honi ikirudi nyuma, mwenzako anaita. Bouchon inapunguza sauti zote, lakini haikuimbie wimbo wa kukusahaulisha pale ulipo.

Na ninyi ndugu creuseurs, mama wenye mnaponda na kuosha mawe karibu na mashini, hakuna bosi mwenye atawaletea bouchons. Najua. Lakini zile za musi bei yake ni ndogo, zinapatikana ku quincaillerie ao ku pharmacie. Kijana mwenye alipata dola 20 za ekutere hakosi feza ya bouchons. Tuanze pale, kisha muziki.

Nilikwisha kusikia jibu la vijana: "Wazee mnakataza kila kitu. Kazi ni ngumu, muziki njo raha yetu." Wako na haki. Muziki unamsaidia mtu kumaliza mazoezi, unamtoa mawazo ya shimo. Mimi sikatazi muziki. Nataka musikie muziki mpaka miaka 60, na sauti ya wajukuu pia. Mwenye alichoma masikio yake ku miaka 25 hatasikia wimbo wowote vizuri, hata anunue ekutere za namna gani.

Jibu lingine nalisikia kwa wakubwa wa kazi: "Mnaona, ni muziki wenu wenyewe unaharibu masikio, siyo mashini zetu." Hapo nasema hapana, na kwa nguvu. Kutosikia kunakoletwa na makelele ya kazi kumo mu orodha ya OIT ya magonjwa ya kazi. Code du travail yetu ya 2002 inamwomba mwenye kazi alinde afya na usalama wa watumikaji. Ekutere za kijana zisiwe pazia la kuficha concasseur. Njo maana ninawaomba wachimbaji waulize jambo moja ku dispensaire ya kazi na kwa délégué wa syndicat: audiométrie. Ni kipimo cha masikio, mtu anavaa casque mu chumba cha kimya na kuinua mkono akisikia sauti. Hakiumi. Kifanyike siku ya kuingia ku kazi, kisha kila mwaka, na karatasi yake mtu aishike. Mimi sikupimwa hata mara moja mu miaka 22. Nikienda leo kulalamika, nitaonyesha nini?

Na ninyi wenye salle, bafle zenu ni kubwa kupita chumba. Mukipunguza, vijana nao watapunguza mu masikio. Wateja hawatakimbia, wanakuja juu ya vyuma.

Siku ya yenga tulienda ku soko. Muuzaji wa kwanza alisema: "Papa, hii njo original," na akakataa tujaribu. Tukapita. Wa tatu alipangusa vikofia na alkoli na akamwacha kijana ajaribu. Zile za besi kubwa za dola 40 zilianguka mara mbili akiinama. Zile zenye ndoana, za dola 18, zilifunga upande wa kuume na kikofia cha katikati, upande wa kushoto na kikubwa. Tukachukua zile. Yeye akatoa 15 zake, mimi nikaongeza 3, na feza ingine nikamnunulia bouchons za musi, juu ku kazi yao wanapewa jozi moja na inachafuka mbele ya wiki kuisha.

Jioni tuliweka mpaka wa sauti mu simu yake, pamoja. Alitaka asilimia 70. Nilisema 60. Tukaachia pale. Juzi mama yake aliniambia kama sasa akimwita kwa chakula, anaitika mara ya kwanza.